Miguu Iliyolowa Mlangoni

Shuleni, Msambweni
Jumapili, 9 Februari 2025

Kwako kaka Kahindi,

Shikamoo. Ukiuliza hali yangu, mimi ni mzima, chakula nakula, na ile homa iliyonishika tulipofungua shule imekwisha. Mama hajambo, ila goti lake la kushoto lamsumbua akitoka shambani. Yule mbuzi mwenye sikio lililochanika kazaa mapacha, na Mama asema ni wewe peke yako uliyeweza kumkamua bila kupigwa teke. Jirani yetu Mwanasha akusalimu sana. Kila Ijumaa humletea Mama sahani ya wali iliyofunikwa kawa, na Mama huirudisha ina kunde au mahindi, maana sahani ya watu hairudi tupu.

Wajua mimi si mtu wa maneno mengi. Hapa simu haziruhusiwi, na barua zetu husomwa kwanza na Mwalimu Biasha, anayetufunza Kiswahili. Ile ya kwanza niliyompa aliirudisha imejaa wino mwekundu, kaandika chini, "Mwandiko wa kuku. Rudia." Kwa hivyo ukiona herufi zimenyooka usidhani nimekua. Naogopa tu.

Kaka, nina swali. Kwenye somo la dini tulisoma habari za yule mtu aliyenyoosha mkono kulizuia sanduku la agano lisianguke, akafa pale pale. Mwalimu akauliza, "Alikosa nini, na nia yake ilikuwa njema?" Wenzangu wakajibu mbio mbio. Mmoja akasema labda Mungu aliamka vibaya siku hiyo, darasa zima likacheka. Mimi nilikuwa na la kusema lakini nikainama nikajifanya natafuta kalamu.

Basi nakuuliza wewe uliyekuwa ukihubiri. Mtu akiamini kwa moyo wake wote, bila hila, na kile anachokiamini kumbe si kweli, Mungu humhesabia nini?

Siulizi kwa sababu ya mwanao Subira, Mungu amlaze pema. Wala si kwa sababu ya kesi. Nauliza tu.

Mdogo wako,
Mapenzi


Gerezani
9 Machi 2025

Mdogo wangu Mapenzi,

Marahaba. Barua yako imekaa njiani wiki tatu, ikanifikia ina mihuri miwili na gundi mpya mdomoni. Huku pia twasomewa. Nimefurahi kusikia habari za mbuzi. Mwambie Mama amfunge mguu mmoja wa nyuma kwa kamba ya mkonge, asiivute sana, na amwimbie. Asione haya, mbuzi hasemi kwa watu.

Mimi ni mzima. Afisa mmoja alisikia kwamba nilikuwa fundi wa kuezeka makuti katika hoteli za Diani, sasa nimepewa vijana kumi niwafunze kushona makuti. Wawili wana mkono mzuri. Ninayelala karibu naye ni mtu wa Ukunda, jina lake Alamin, aliingia kwa ajili ya simu za watu. Huyo hunichekesha. Juzi kaniambia, "Kahindi, gereza zima hili hakuna aliyefanya jambo, sote tumesingiziwa. Ni wewe peke yako unayekubali ulifanya, halafu wasema si kosa."

Kuhusu swali lako. Mungu hutazama moyo. Hayo ndiyo niliyomwambia hakimu: mtoto wangu alishikwa na homa, nilimwombea siku tatu, sikumpeleka zahanati kwa kuwa nilipata neno kwamba atapona, na nililiamini neno hilo kwa moyo wangu wote. Hakimu hakunikaripia. Akanipa miaka mitatu. Mwanadamu hupima kwa kilichotokea, Mungu hupima kwa kilichokuwa moyoni. Mtoto yuko chini ya mkorosho. Mke wangu Caroline hajaniandikia hata mstari mmoja tangu siku ile alipotoka hotelini, alikolala kazini wiki nzima, akakuta watu wamejaa uani. Nikiliachia na hilo la moyo, nitabaki na nini?

Kwa hivyo usijisumbue nalo. Soma, mdogo wangu. Wewe ndiye uliyebaki wa Mama.

Kaka yako,
Kahindi


Nyumbani, Mkongani
Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili 2025

Kaka Kahindi,

Shikamoo. Nimo likizoni. Mvua imekuja kidogo ikaghairi. Mahindi ya Mama yamefika magotini na majani yamejikunja. Mbuzi kafungwa mguu, kaimbiwa, na bado kapiga teke. Jana Mama hakwenda kanisani. Tangu mchungaji ahame baada ya kesi, hukutana watu kama kumi kwenye lile banda la mabati, wakaimba, wakarudi makwao. Mama alisema ni goti. Sikumwuliza zaidi.

Alhamisi alikuja afisa wa probesheni, mama wa makamo, kavaa viatu vya mpira akidhani atakuta tope. Alisema mahakama yaweza kukuruhusu umalize kifungo ukiwa nyumbani, ukifanya kazi za jamii mchana. Kazi yenyewe ni kufyeka nyasi na kuchota maji pale zahanati. Lakini lazima aandike kwamba umekubali ulikosa. Asema amekuuliza mara mbili, na mara zote mbili umemjibu, "Niliamini."

Mama akamwambia, "Mwanangu si mtu mbaya."

"Mama, sikusema ni mbaya," afisa akasema. "Nauliza hivi: nimrudishe hapa, kesho mtoto mwingine ashikwe na homa, atafanya nini?"

Mama akaanza kuokota mawe kwenye mchele ambao alikuwa ameshauchagua.

Alipoondoka, Mwanasha akaja kuchukua sahani yake, na wajua mdomo wake hauna mlango. Akasema, "Sisi tumefunzwa kwamba amali ni kwa nia, na silikatai hilo. Lakini siku ile nilisimama hapa hapa, Ramadhani wa bodaboda kawasha pikipiki, khanga ya kumfungia mtoto ninayo mkononi. Nia zilikuwa tele ndani ya nyumba hii. Aliyekosekana ni mtu wa kumbeba mtoto."

"Mwanasha, yamekwisha hayo," Mama akasema.

"Yamekwisha vipi, na Kahindi yuko ndani?" Kisha akanigeukia mimi. "Nawe, mwanangu, ulimwambia nini kaka yako pale mlangoni? Alikuwa ashanyoosha mikono anipe mtoto. Ulipomaliza kusema akanipa mgongo."

Nikasema sikumbuki.

Kaka, mwambie tu yule afisa kwamba ulikosa. Ni neno moja. Mama asema ni goti lakini si goti. Namsikia akitaja jina lako akiwa anateka maji.

Mapenzi


Gerezani
18 Mei 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Nashukuru kwa habari za nyumbani, hata zile zisizopendeza. Mwambie Mama auze beberu mmoja akatazamwe goti hospitali. Nimeandika sentensi hiyo na mkono wangu umesita. Lakini aende.

Wasema ni neno moja. Si neno moja. Nikisema nilikosa, nitakuwa nimesema kwamba Mungu hakunena, na kwamba siku tatu nilizopiga magoti nilikuwa naongea na ukuta huku mwanangu akiwaka moto. Wewe umewahi kuamini jambo hata ukalisimamia? Nadhani bado. Wewe ni mtoto.

Neno halikutoka hewani. Lilitoka ndani ya nyumba yetu, asubuhi, kabla ya mtu kunawa uso. Bibi alitufunza kwamba ndoto ya kweli husimuliwa uso haujaguswa na maji. Ukishanawa, imekwenda na maji. Yeye alikuwa akiota wazee waliokufa, na nyumba nzima ikasimama kufanya walichotaka. Tulipookoka tuliacha tambiko na vibuyu, lakini hilo la ndoto tuliingia nalo kanisani, na mchungaji hakulikataa. Alilifurahia. Kila Jumapili alianza kwa kuuliza nani kapewa nini.

Mahakamani sikutaja neno lilitoka kwa nani, na sitataja. Barua hizi hupita mikononi mwa watu wengi. Basi nawe usiniulize tena.

Kahindi


Shuleni, Msambweni
Jumapili, 15 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Mimi ni mzima. Mama alikwenda hospitali, wakampa dawa ya kupaka na kumwambia apunguze kuinama, akawauliza, "Na jembe litainamiwa na nani?" Mtihani wa katikati ya muhula niliupita, ila hesabu imenishinda.

Niliandika barua nyingine kabla ya hii, kurasa nne. Niliipeleka hadi mlangoni kwa Mwalimu Biasha, nikarudi, nikaichana nikaitupa chooni. Ndiyo maana nimechelewa.

Siku hizi nasali kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza naweza kusema lolote nisihisi kitu, ni kama kusoma kitabu cha darasa. Kwa Kiswahili maneno yananijua.

Sina jingine.

Mapenzi


Shuleni, Msambweni
Jumapili, 20 Julai 2025

Kwako kaka yangu Kahindi,

Shikamoo. Salamu za nyumbani ninazo lakini nikianza nazo nitamaliza karatasi nazo, najijua.

Barua hii Mwalimu Biasha hakuisoma. Nilipompelekea alisoma mstari wa kwanza, akanitazama, akainama akatoa gundi kwenye droo. Akasema, "Hii ifunge mwenyewe." Lakini najua huko itafunguliwa. Nawe afande unayesoma, shikamoo, nakuomba umpe asome akiwa amekaa.

Kaka, sikuota.

Ile asubuhi ya siku ya pili ya homa, sikuwa nimeota kitu. Nililala bila ndoto kama siku zote. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na katika vijana wote wa kanisa nilikuwa mimi peke yangu ambaye hajawahi kupewa chochote. Kila Jumapili mchungaji akiuliza, wenzangu walisimama mmoja mmoja, na mimi nilitazama vidole vyangu vya miguu. Siku moja alinisemea mbele ya watu kwamba pengine kuna dhambi imenizibia. Watu wakasema amina. Hata wewe ulisema amina. Nilikusikia.

Asubuhi ile Mwanasha yuko mlangoni, pikipiki yanguruma, nawe umembeba Subira kifuani. Ukageuka ukatutazama mimi na Mama, ukauliza, "Nyumba hii, hakuna aliyepewa neno?" Mama akaangalia chini. Na mimi, uso wangu haujaguswa na maji, nikasema nimeota.

Nilisema nimemwona mtu mwenye kanzu nyeupe amesimama mlangoni, miguu yake imelowa hadi vifundoni, mkononi ana kata ya kifuu, akamnywesha Subira maji naye akacheka. Ulinisikiliza kaka. Ulinisikiliza kama mtu mzima. Katika maisha yangu hakuna aliyewahi kunyamaza hivyo ili mimi niseme. Nikaongeza maneno. Nikasema yule mtu alimwita mtoto kwa jina.

Ile haikuwa ndoto yangu, ilikuwa ya Bibi. Alinisimulia tukipukuchua kunde, mwaka mmoja kabla hajafa: marehemu baba yake alimjia na miguu iliyolowa, na kata, akamnywesha mtoto mgonjwa, na mtoto akapona. Mimi nilimvua yule mzee shuka nikamvika kanzu nyeupe. Nilijua ndoto ile ilishafanya kazi mara moja. Nilidhani wewe hujawahi kuisikia.

Sikutaka Subira afe. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine. Nilitaka iwe kweli, nikataka sana, hata nilipokuwa nasema niliona kama ni kweli, na siku ya tatu nilipoona macho yake yanapinduka bado nilikuwa nangoja yule mtu afike mlangoni. Mtu wa kujitungia mwenyewe, nilimngoja kaka. Sasa sijui niliyekuwa mimi ni mwongo au mwenye imani. Niambie wewe.

Miezi yote hii nimekuuliza kama moyo mnyofu watosha. Sikuwa nauliza juu yangu. Moyo mnyofu ni wako. Wewe uliamini, mimi ndiye niliyekupa kitu cha uongo ukakiamini. Sasa mwambie yule afisa: ulidanganywa. Waweza kusema ulikosa bila kusema Mungu hakunena, kwa sababu aliyenena nilikuwa mimi. Urudi nyumbani. Taja jina langu. Sitakataa.

Mapenzi


Shuleni, Msambweni
Jumapili, 31 Agosti 2025

Kaka Kahindi,

Shikamoo. Tumefungua shule. Likizo nzima nilikwenda posta kila nilipotumwa sokoni, yule mama wa dirishani akawa akiniona tu anatikisa kichwa kabla sijauliza.

Mama hajui bado. Mwanasha nadhani ajua, hajasema. Aliniletea mkate wa mofa akakaa karibu yangu mpaka nikaumaliza.

Kama umeamua kutoniandikia tena, mwandikie Mama, ili nijue u hai.

Mapenzi


Gerezani
21 Septemba 2025

Mapenzi, mdogo wangu,

Marahaba, na marahaba ya zile ulizonisalimu nikanyamaza. Barua ya Julai nilipewa siku ya tatu tu baada ya kufika. Aliyeisoma ni afisa mzee wa lango, mtu mkavu asiyetusalimu. Alikuja nayo mwenyewe bandani akaniambia, "Kaa kwanza." Nikakaa juu ya rundo la makuti.

Nimekawia kwa sababu kila nilipoanza kukujibu niliandika uongo. Nilianza na kukusamehe. Niliandika, "Nakusamehe, ulikuwa mtoto." Alamin akauliza naandika nini, nikamsomea. Akasema, "Mbona wasamehe haraka hivyo? Mimi mtu akinichezea namna hiyo ningetukana kwanza." Alikuwa anatania. Lakini nilikaa na mzaha wake siku nyingi, maana ni kweli sikuwa na hasira nawe. Nikajiuliza kwa nini sina.

Sasa kaa nawe, kama umesimama.

Yule mtoto wa kwenye ndoto ya Bibi ni mimi. Nilikuwa na miaka minne. Bibi alinisimulia ndoto ile mara nyingi, wewe hujazaliwa. Nilikua nikijua kwamba kuna mtu mwenye miguu iliyolowa aliyekuja kwa ajili yangu. Asubuhi ile ulipotaja miguu, niliitambua pale pale mlangoni. Kata nayo niliitambua. Nilijua hukuota. Ulikuwa ukisema na midomo yako inatetemeka, na mimi nilijua.

Na kuna kipande ambacho Bibi hakukusimulia kwa sababu hakikuwa kitamu. Mama ndiye aliyenieleza. Bibi alipomaliza kusimulia ndoto, alinawa uso, akanifunga mgongoni, akatembea na mimi mpaka hospitali ya Kwale, kwa miguu. Nilidungwa sindano. Hicho nacho nilikijua.

Wataka kujua kwa nini basi nilimpa Mwanasha mgongo. Jumapili iliyotangulia nilikuwa nimesimama mbele ya kanisa nikasema nyumba yangu haitakanyaga zahanati tena, tabibu wetu ni mmoja. Watu walipiga makofi, wengine wakalia. Mchungaji alinishika bega akasema mwezi ujao nitawekwa mzee wa kanisa. Njia ya zahanati yapita mbele ya lile banda la mabati. Asubuhi ile palikuwa na kina mama wanafagia. Niliona jinsi nitakavyopita nyuma ya pikipiki ya Ramadhani, mtoto kifuani, nao wameshika mifagio wananitazama. Nilikuwa natafuta kitu cha kunizuia nisipite pale. Wewe ukanipa.

Hiyo ndiyo imani yangu, Mapenzi. Niliona haya.

Siku tatu zile niliomba kwa sauti kubwa ili nisijisikie. Mahakamani nikasema niliamini kwa moyo wangu wote, na nilipomaliza kusema nikaona inapendeza, nikaishika. Nimeishi nayo humu mwaka na nusu. Mtu akisema sentensi moja kila siku, mwisho humjibu. Nilikuficha wewe mahakamani, nikajihesabia kuwa ni upendo wa kaka. Nilikuficha kwa sababu ungeulizwa, na ungelia, na ungesema ulichosema Julai, nami ningelazimika kusema ninachosema sasa.

Uliniuliza mwezi wa pili kama moyo mnyofu watosha. Nilikujibu kama anayejua. Sasa sijui, kwa sababu sikuwa nao huo moyo, nilijitetea kwa mali isiyo yangu. Lakini hata ningekuwa nao, Mapenzi. Hata ningeamini kweli kweli, bila haya, bila makofi ya watu, Subira angekuwa pale pale chini ya mkorosho. Nimeligeuza hilo kila upande. Mungu apenda moyo mnyofu, sikatai. Lakini sidhani alitupa moyo ili tumnyime mtoto mikono.

Nilimwita yule afisa wa probesheni, nikamweleza yote. Wewe nilikutaja kama mtoto wa miaka kumi na minne aliyeulizwa swali ambalo hakupaswa kuulizwa. Aliweka kalamu chini. Akasema, "Kahindi, mahakama ilikuhurumia kidogo kwa kuwa uliamini. Nikiandika kwamba ulijua, sijui kama utatoka." Nikamwambia aandike.

Usijitwike kosa wewe ukaniacha mimi. Mwambie Mama, polepole, Mwanasha akiwa karibu. Na Caroline. Caroline lazima ajue. Mimi nimemwandikia yangu, lakini yako hawezi kuisoma kwenye barua yangu.

Wewe si mwongo wala hukuwa na imani. Ulikuwa mtoto mwenye haya kama kaka yake.

Kahindi


Nyumbani, Mkongani
Jumapili, 2 Novemba 2025

Kwako kaka yangu Kahindi,

Shikamoo. Tumefunga shule. Mvua za vuli zimeanza, mahindi safari hii yamenyooka. Wale mapacha wa mbuzi, mmoja tumemwuza, wa pili Mama kakataa, asema ana macho yako. Goti bado.

Afisa alikuja Jumanne kutuambia kwamba mahakama imekataa. Utamaliza muda wako huko huko. Najua ushaambiwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwuliza kama amekula, akamwekea muhogo.

Mama nilimwambia wiki iliyopita, tukipalilia. Nilianza nikashindwa, nikaanza tena. Aliendelea kulima mstari mzima, nami nyuma yake. Mwisho wa mstari akasimama akasema, "Nilikuwa najua ni ndoto ya mama yangu. Niliangalia chini." Basi. Kwa hiyo sote watatu tulijua, kaka, kila mmoja peke yake. Akanishika mkono, ukiwa na udongo, tukarudi nyumbani kabla ya jua kuwa kali, jambo ambalo wajua hajawahi kulifanya.

Caroline alikuja jana. Kapungua. Bado afanya usafi kwenye vyumba vya hoteli, na alikuja na sare yake ndani ya mfuko kwa sababu angeingia kazini jioni. Barua yako anayo, hakuitaja. Tulikwenda mkoroshoni sisi wawili. Nilimweleza nikiwa natazama vidole vyangu vya miguu, kisha nikajilazimisha nikamtazama yeye. Nilisema lote, hadi lile la kuitwa kwa jina. Nilisema kwa Kiswahili.

Hakunipiga wala hakunikumbatia. Alikaa chini, akaanza kung'oa magugu pembezoni mwa kaburi, moja moja, akiyapanga upande. Baadaye akauliza, bila kuinua uso:

"Kwenye ile ndoto, mtoto alikunywa maji?"

Nikasema ndiyo, kwenye ndoto alikunywa.

"Na siku ile? Siku yenyewe. Alikunywa?"

Nikamwambia ndiyo. Siku ya tatu adhuhuri wewe ulikuwa umepiga magoti, Mama analia nje, nami nikachukua kata mtungini nikamnyanyua kichwa. Alikunywa kidogo, mengine yakamwagika shingoni. Akaishika ile kata kwa mikono miwili, hakutaka niiondoe.

Caroline akaitikia kwa kichwa, akaendelea kung'oa.

Hilo ni kweli, kaka. Sikuliota, wala sikulichukua kwa mtu. Nimelitafuta pande zote nione kama nimelitia kitu, sikukiona. Nakuandikia nawe uwe nalo.

Mdogo wako,
Mapenzi